Dereva Aliyekaa Juu ya Lori

Tangu nirudi sijapata nafasi ya kunywa chai kwa utulivu. Nikianza kumsimulia mmoja anaingia mwingine, naambiwa nirudi mwanzo, na kila ninaporudia najikuta nimeongeza chumvi kidogo. Nimeamua kuandika mara moja, kama ilivyokuwa, kila mtu asome kivyake na mimi ninywe chai yangu. Mambo ya ruhusa ya kazini na tiketi nimeyaruka, hayana utamu.

Dodoma mjini: lori ndani ya mto

Kazi yangu mnaijua. Naingiza picha kuukuu kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, huku upepo wa Dodoma ukinijazia vumbi kwenye mashine. Kasha nililokuwa nalo safari hii lilitoka kwa familia ya mpigapicha mmoja marehemu, aliyefuatana na jeshi letu wakati wa vita vya Kagera. Nilitegemea kukuta mizinga na makamanda. Nilichokuta zaidi ni magari. Landrova zimepakwa matope ili ndege zisizione. Malori ya jeshi yamepanga foleni kwenye barabara nyekundu, madereva wamelala uvunguni kukwepa jua. Na katikati yake kuna magari ya raia yaliyoazimwa kwenda vitani: basi la abiria limesheheni masanduku ya risasi, gari la soda limejaa askari wanaocheka. Nilizipenda picha zile mpaka nikawa nachelewa kwenda kula, na mnanijua mimi na chakula.

Ndipo nikafika kwenye lori moja lililoinama ndani ya mto. Juu ya paa la kabini amekaa mtu mwenye kofia ya pama, amekumbatia magoti. Chini yake kuna askari amesimama amenyoosha mikono yote miwili. Wenzangu walipoiona walicheka, wakasema huyo dereva alipenda sana kupigwa picha. Mimi sikucheka. Ubavuni mwa bodi, chini ya matope, lilisomeka jina la kijiji chetu cha kule Mvumi.

Mjomba Yeremia ni kaka wa mama yangu, na ndiye aliyekuwa dereva wa lori la kijiji enzi zile za ujamaa. Watu walilisubiri lori lile muda mrefu, na lilipokuja waliliimbia. Lilibeba mtama, lilibeba wagonjwa, lilibeba maharusi. Vita vilipoanza serikali ililiazima pamoja na dereva wake. Dereva alirudi, lori halikurudi.

Nimekua nikisikia kwamba Mjomba aliliuza lori huko Uganda akajipatia ng'ombe. Mwanzoni ilisemwa kwa mzaha, baadaye ikawa inasemwa tu. Ng'ombe wake walipoongezeka, sisi watoto tuliwaita ng'ombe wa lori, na hakuna aliyejiuliza walitembeaje kutoka Uganda mpaka Mvumi. Mwenyewe hakuwahi kukanusha hata siku moja. Mama alikuwa akisikia maneno hayo anawaka, anasema nendeni mkamuulize Kikoti, yule Mhehe wa Mtera, askari aliyekuwa naye. Hakuna aliyekwenda, na mama alishatutoka.

Yote hayo yangekaa yalivyokaa kama si sendofu ya Nema. Nema ni mjukuu wa Mjomba, binti wa Stefano, na Stefano ni dalali wa mahindi Kibaigwa. Katika ukoo wetu binti anapoagwa, mzee wa ukoo husimama mbele ya wageni, akamshika mkono, akamnenea baraka. Mzee aliyebaki ni Mjomba peke yake. Lakini kwenye kundi la familia la WhatsApp Stefano aliandika kwamba atasimama mzee wa kanisa, maana watu wa kijijini watakuja wengi na hataki minong'ono ya lori siku ya mwanawe. Jirani mmoja akamsomea Mjomba ujumbe ule. Nilipompigia simu kumweleza habari za picha alinijibu, "Achana na magari ya watu, mpwa wangu," akakata. Alikuwa ameshasema haendi Kibaigwa kwenye sendofu.

Kumpelekea picha peke yake kusingefaa kitu, kwa sababu macho yake yameharibiwa na presha ya macho, anaona mwanga na vivuli basi. Na Stefano ningempa picha ingemwambia nini? Angesema sawa, lilianguka mtoni, nani anajua kama halikutolewa likauzwa. Alitakiwa mtu wa kusema. Sendofu ilikuwa Jumamosi, na mimi nikaondoka Alhamisi kwenda Mtera kumtafuta mtu ambaye sikujua kama yuko hai.

Barabara ya Iringa: naombewa

Basi letu lilikwenda vizuri mpaka tulipoiacha Mlowa nyuma, kisha mkanda wa feni ukakatika. Dereva alisema ni jambo la dakika chache. Abiria wazoefu walimsikia hivyo wakashuka na vitenge vyao, wakatandika kwenye kivuli cha migunga, na mimi nikajua leo tupo. Akina mama walitokea porini na mabeseni ya karanga za kuchemsha, sijui waliarifiwa na nani. Nilikula karanga mpaka nikajionea haya.

Mama mmoja mnene, mwenye sauti ya upole, alikaa karibu yangu akaniona naitazama ile picha. Aliitazama na yeye, akaniuliza kama huyo aliyekaa juu ndiye marehemu. Nikamwambia hapana, ni mjomba wangu, yupo, ila kuna shida. Nadhani alilisikia neno shida peke yake. Alinishika mkono akaanza kuomba, akamkabidhi Mungu mjomba wangu ashuke salama kwenye gari lile. Abiria wengine wakaitikia amina. Nilitaka kumweleza kwamba gari lenyewe lilizama zamani sana, lakini maombi yalikuwa yamenoga, na mkanda mpya uliletwa kwa pikipiki mara tu aliposema amina ya mwisho. Kwa hiyo sina la kusema. Tulipoagana alinipa pakiti ya biskuti nile njiani.

Mtera: afisa ambaye hakuwa afisa

Nilishuka upande wa pili wa bwawa, kwenye mwalo wa wavuvi, nimevaa viatu vya kufunika, kwapani nimebana jalada gumu lenye picha. Nilimsalimu kijana wa kwanza na kumuuliza anakaa wapi Mzee Kikoti. Alinitazama viatu, akatazama jalada, akasema hamjui. Wa pili hamjui. Wa tatu alisema yeye mwenyewe ni mgeni hapo, huku anatengeneza mtumbwi wake. Nyuma yao niliona watu wanakunja nyavu haraka haraka na kuzisukuma chini ya maturubai. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nimedhaniwa afisa uvuvi, nimekuja kukagua matundu ya nyavu.

Nilichoka. Jua lilikuwa kali, harufu ya samaki wa kukaanga ilinitoa mate, na kila mtu ananitazama kama mwizi. Nikasema kwa sauti kwamba mimi ni Mgogo, natafuta mtani wangu Mhehe, na kama Wahehe wote wamekimbia basi waniachie samaki nile niende zangu. Hapo wakaangua kicheko. Yule mgeni wa mtumbwi akawa mwenyeji ghafla, akanichukua mpaka mlangoni kwa Kikoti.

Kwa asiyejua, Wagogo na Wahehe ni watani. Mtani anakusema lolote, anachukua kitu chako, anakaa kwenye kiti chako, na wewe hukasiriki. Unachotakiwa ni kumrudishia kali zaidi yake. Wao hutusema kwa njaa, sisi huwasema kwa kula mbwa. Ukikasirika umevunja utani, na hiyo ni aibu kubwa kuliko tusi lenyewe.

Mzee Kikoti alikuwa anageuza samaki juu ya kichanja cha moshi. Mrefu, mkavu, na bado anasimama kijeshi. Nilimpa shikamoo yake. Aliipokea, kisha akaniuliza kama mwaka huu njaa imetutupa mpaka Mtera, akachukua mkoba wangu akaukalia. Nilimwambia aukalie vizuri maana ndani kuna nyama ya mbwa niliyomletea. Alifurahi sana, akaagiza nipewe perege mzima na ugali. Sikumbuki kama nilizungumza wakati wa kula.

Nilipomaliza nikamwonyesha picha. Aliifuta kwa mkono wa shati ingawa haikuwa na vumbi, akaisogeza karibu na macho.

"Huyo mwenye mikono ni mimi," akasema.

Alinieleza taratibu. Daraja lilikuwa limevunjwa, magari yanavuka mtoni kwa zamu. Lori la Mjomba, likiwa na magunia ya chakula cha askari, liliserereka kwenye ukingo likaingia kwenye kina. Msafara haukuweza kusubiri. Amri ikatoka kwamba liachwe, watu washuke. Wote walishuka isipokuwa dereva. Alipanda juu ya kabini akakaa. Mkubwa wao aliamuru, akafoka, mwisho akabembeleza. Mjomba alijibu neno moja tu kila alipoambiwa.

"Alisema, hili si langu," Kikoti akaniambia. "Nikishuka nitawaambia nini kule nyumbani?"

Kwa hiyo picha ile waliyoicheka wenzangu ofisini ilikuwa ya mtu anayegoma kushuka, na askari mwenye mikono alikuwa anamsihi. Waliishia kumpandia wakambeba, naye anapiga mateke. Kikoti ndiye aliyemshika miguu. Maji yalilichukua lori huku analiona.

Vita vilipokwisha Kikoti alimsindikiza Mjomba mpaka kijijini. Wazee waliokuwa wamepata habari kutoka jeshini walichinja dume, watu wakakusanyika. Mtu mmoja akauliza mbele ya wote, lori letu liko wapi. Mjomba alifungua mdomo, maneno yakakataa kutoka. Kikoti akaona rafiki yake anakaribia kulia mbele za watu, na kwa mtani ipo dawa moja tu. Alisimama akasema lori lilibadilishwa kwa ng'ombe, na ng'ombe wote Mgogo amewala njiani. Kijiji kizima kikacheka, ngoma zikaanza.

"Nikasubiri anirudishie," akasema Kikoti. "Hakunirudishia siku ile, wala kesho yake. Nikajua nimemgusa pabaya, nikaona aibu kurudi."

Hakujua kilichofuata. Wazee waliojua ukweli walikufa mmoja mmoja, na waliobaki walirithi mzaha bila kujua ni mzaha. Nilipomweleza habari za ng'ombe wa lori na za sendofu, alizima moto wa samaki wake, akaingia ndani akatoka na koti na kofia. Alisema anakwenda kudai jibu lake.

Mvumi: jibu

Tulirudi Dodoma na pikapu ya samaki, Kikoti mbele na mimi pia mbele, kwa sababu niligoma kukaa na samaki. Alilala kwangu, akalalamika ugali wangu ni laini, akala wote. Asubuhi tukaenda Mvumi.

Njia nzima nilikuwa na wasiwasi. Mjomba ni mpole, lakini ana kiburi cha kimyakimya ambacho hata mama alikiogopa. Je, akimfukuza mgeni? Je, akinyamaza tu, kama alivyonyamaza miaka yote? Tungepoteza sendofu na mimi ningekuwa nimemtoa mzee wa watu kwenye samaki wake bure.

Tulimkuta nje, kwenye kigoda, redio ndogo pajani, fimbo mkononi. Nilimsalimu, akanitambua kwa sauti. Kikoti hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja akamnyang'anya fimbo, na mzee wa Kigogo na fimbo yake mnajua walivyo. Mjomba akageuza uso kutafuta kivuli kilichofanya hivyo.

"Mwenye ng'ombe wa lori yupo?" Kikoti akasema. "Nimefuata wangu."

Mjomba alizima redio. Alinyoosha mkono hewani, ukagota kwenye koti la Kikoti, ukapanda mpaka shingoni, ukashika shavu. Alilipapasa shavu lile muda mrefu.

"Umekonda, Kikoti," akasema. "Mbwa wamekwisha huko kwenu?"

Kikoti aliinama akacheka mpaka ikabidi ashike ukuta. Alipoinuka machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyaficha. "Miaka yote hii," akasema, "jibu lenyewe ndilo hilo?"

Mjomba alicheka pia, kicheko cha chini kisicho na haraka. Ndipo akatueleza. Siku ile alikuwa na hasira, na mtani hajibiwi kwa hasira. Akasema asubiri ipoe, kisha amjibu inavyotakiwa. Haikupoa upesi, na ilipopoa Kikoti hakuwa anakuja tena, na watoto walishaanza kuimba nyimbo za ng'ombe. Angekanusha vipi? Angesimama mbele ya watu kulalamikia neno la mtani, kama mtu asiyefundwa? Alimezea. Alisema hivyo bila kulaumu mtu, na mimi niliyeimba nyimbo zile utotoni nilitazama chini.

Chakula kilikuwa ugali wa uwele na mlenda. Kikoti alidai mlenda unamkimbia kwenye vidole, Mjomba akamwambia ajaribu kubweka. Walishindana hivyo mpaka bakuli likaisha. Nawaambieni ukweli, niliwapenda wazee wale siku ile kuliko ninavyoweza kuandika.

Lakini Mjomba bado alikataa kwenda Kibaigwa. Alisema hawezi kwenda mahali ambapo mwanawe amemwonea aibu. Kikoti hakubishana. Aliibana fimbo kwapani akasema sawa, yeye anakwenda sendofu, fimbo itakuwa Kibaigwa, anayeitaka aifuate. Kitu kilichochukuliwa na mtani hakidaiwi kwa ugomvi, kinafuatwa. Mjomba akaniomba nimtafutie lile koti lake jeusi.

Handali mpaka Buigiri: ndani ya Fuso

Jumamosi asubuhi gari la abiria lilituacha kwa sababu Mjomba alirudi ndani kutafuta kofia yake ya pama. Nilinuna. Bahati nzuri kulikuwa na Fuso iliyokuwa imeshusha saruji pale Mvumi, inakwenda tupu Kibaigwa kuchukua mahindi. Dereva wake alikuwa Idi, Mrangi wa Kondoa, kijana mtaratibu anayesikiliza kaswida kwa sauti ndogo. Aliwapa wazee kiti, mimi nikakaa juu ya kifuniko cha injini, na nilifika Kibaigwa nimeiva.

Tulipita njia ya vumbi ya Handali. Nilimwona Mjomba anasikiliza injini, na kila tulipoteremka mteremko mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu, unatafuta breki. Hakujua kama anafanya hivyo. Kikoti aliona pia.

Tairi la nyuma lilipasuka kabla ya Buigiri, na jeki ya Idi ilikuwa na ugonjwa wa kupanda na kushuka yenyewe. Nilihesabu saa kichwani nikaona sendofu inaanza bila sisi. Niligombana na jeki, na tairi, na kofia ya Mjomba. Idi alinisikiliza kwa adabu, akanipa zabibu alizonunua njiani, akaendelea na kazi. Kikoti alimsimulia habari za picha, kisha akamuuliza yeye angefanyaje. Idi alifikiri. Alisema gari hili ni la tajiri wake, yeye angeshuka mapema sana. Mjomba ndiye aliyecheka zaidi.

Baadaye akamwomba Idi jambo moja, kama haitakuwa usumbufu. Idi alimshika mkono akampandisha upande wa dereva. Mjomba alikaa pale, mikono juu ya usukani, mpaka tairi likafungwa. Idi alikuwa amemaliza muda kidogo kabla ya kusema amemaliza. Kule Buigiri alisimama kuswali adhuhuri, na mimi sikuwa tena na moyo wa kumharakisha mtu wa namna hiyo.

Kibaigwa: ukumbini

Muziki tuliusikia kabla ya kuuona ukumbi. Nje yamepangana malori ya mahindi, ndani mapambo ya dhahabu na meupe, na watu wa kijijini kwetu wamejaa upande mzima. Stefano alitoka amevaa suti, akampa baba yake shikamoo, akaniangalia mimi kwa jicho la kuniuliza nimefanya nini. Alisema kwa sauti ya chini kwamba wazee wakaribie, viti vipo nyuma, ila ratiba imeshapangwa na mzee wa kanisa ameshaandaliwa. Mjomba alimwambia asihangaike, amefuata fimbo yake.

Fimbo haikuwepo. Kikoti alikuwa ameingia nayo, amekwenda kulala chali kwenye zulia jekundu, katikati ya mlango ambao Nema alitakiwa kuingilia. Mshereheshaji, kijana wa Dar es Salaam, alidhani ni mlevi akaita walinzi. Lakini bibi mmoja wa kwetu alipiga kigelegele akasema mwacheni, huyo ni mtani, na vikongwe wenzake wakaitikia. Mtani akilala mlangoni bibi harusi hapiti mpaka mtani aridhike. Mshereheshaji alimtazama Stefano, Stefano akatazama juu.

Kikoti alisema ataamka akipewa kipaza sauti. Akapewa.

Hakufanya hotuba ndefu. Alijitambulisha, akataja kikosi chake cha zamani, akasimulia mto, lori, amri iliyotoka, na mtu aliyekataa kushuka. Alipofika kwenye zile ngoma za mapokezi, hata wapishi walikuwa wamesimama mlangoni wakisikiliza.

"Lile la ng'ombe nililitunga mimi," akasema. "Lilikuwa la kucheka siku ile moja. Nyinyi mmeliweka ndani mkalifuga. Leo nimekuja kulichukua, naondoka nalo."

Nilikuwa nimechapisha picha kwa ukubwa. Ilipita mkono kwa mkono, kwanza kwa wazee, kisha kwa wale tuliokuwa tukiimba pamoja utotoni. Mmoja alisoma jina la kijiji ubavuni mwa lori kwa sauti, akarudia. Watu wengine waliinama. Ilifika kwa Stefano mwisho. Aliniuliza ni yupi baba, ingawa kofia ile ilitosha. Nikamwonyesha kwa kidole.

Stefano alilelewa na maneno yale kuliko sisi wote. Shuleni aliitwa mtoto wa lori, na nadhani alikimbilia Kibaigwa ili aitwe kitu kingine. Alishika picha kwa mikono miwili mpaka nikaogopa ataikunja. Kisha alipita katikati ya meza zote, na suti yake, akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, nisamehe," akasema. "Mtoto anakungoja."

Mjomba alimwekea mkono kichwani. Kikoti akaondoka kwenye zulia, akaleta fimbo mwenyewe. Nema aliingia, na babu yake alimshika mkono akamnenea baraka kwa Kigogo na kwa Kiswahili. Alimwambia amtunze mume, ila asimkubalie kila kitu. Watu walicheka, vigelegele vikapanda, na mimi nililia waziwazi, kama mlivyokwisha kuambiwa na yule aliyerusha video.

Wakati wa chakula nilikaa kando ya Mjomba nikimchambulia nyama. Kikoti alikuwa meza ya pili anawatukana Wagogo kwa furaha, amezungukwa na vijana. Mjomba alikula kidogo, akafuta vidole, akasogea karibu nami.

"Yunis, kwenye hiyo picha maji yamefika wapi?"

Niliinamisha picha kuelekea kwenye taa, nikaangalia vizuri. Nikamwambia yamefika kwenye taa za mbele. Kioo hakijaguswa, na bodi yote iko juu.

Aliuelekeza uso kwenye ile picha asiyoiona.

"Basi hapo bado ni letu," akasema.